Sampuli ya Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, uchochoro wa Langoni,
nimechutama ubavuni mwa punda jike wa Famau,
mkononi kichupa chenye kifuniko cha buluu.

"Miaka saba chuoni," asema shangazi dirishani,
"umekuya kukama punda?"

Sina jibu la haraka.
Ningemwambia natafuta laisozaimu,
kimeng'enya kitoboacho kuta za bakteria
kama mchwa kwenye boriti za dari yake.
Asidi amino mia na ishirini na tisa,
nazipanga usiku kama bibi alivyopima mizani
kwa kucha za vidole:
moja ikikaa pasipo pake, mkunjo wote unaharibika.
Ningemwambia kwamba yeye mwenyewe,
utotoni, alipoumwa kifaduro,
alinyweshwa maziwa haya kwa kijiko
akapona kwayo,
au akapona tu,
na tofauti ya hayo mawili
ndiyo shahada yangu ya uzamivu.

Fomu ya kamati ya maadili ina kurasa kumi na nne.
Famau alizisoma zote, kidole mstarini,
akafika pale penye
*mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu*,
akacheka hadi akakaa juu ya mfuko wa simenti.
"Hanyamazi hujitoa kila siku,
na sababu hutoa kwa miguu ya nyuma."
Akatia saini.
Kisha akauliza:
"Na kihongwe? Maziwa ni yake. Nani amemtilia saini?"

Sikuwa nalo jibu hilo pia.
Nililiandika daftarini, ukurasa wa arobaini na moja,
kwa wino, kama nilivyofunzwa:
usifute. Piga mstari mmoja, tia tarehe,
acha kosa lisomeke.

Sampuli ya kwanza ilisafiri ndani ya barafu ya wauza samaki,
kwa boti hadi Mokowe, kwa basi hadi Nairobi,
ikifika inanuka nguru.
Kwenye jeli, penye kilodaltoni kumi na nne,
ukatokea mstari mwembamba
kama uzi wa kofia.
Nilipiga picha kumi na moja za mstari ule.
Nikamtumia mama. Akajibu: *Mashallah. Ni nini?*

Sampuli ya pili, umeme ulikatika.
Nililala sakafuni kando ya friza
nikiusikiliza ukimya wake,
kila saa nikishuka kwa mlinzi kuomba barafu.
Mstari ulitokea, lakini hafifu,
wa kuonwa na mwenye kutaka kuuona.

Profesa Kadzo alivua miwani.
"Mbili si takwimu, Somoe. Mbili ni mabishano."

Basi leo nimerudi.
Nakama. Tone.
Nakama tena. Tone halikuja.
Pembeni kihongwe anatafuna boksi la tambi,
ameshaachishwa ziwa
bila kikao cha kamati yoyote.
"Amekauka," asema Famau, kwa upole wa kunitia aibu.

Punda hubeba mimba miezi kumi na miwili.
Ufadhili wangu umebakisha minane.
Hesabu hii haitaki kikokotoo.

Wanasema shukrani ya punda ni mateke.
Leo hata teke sikujaliwa,
Hanyamazi amegeuza shingo, ananitazama
kama mtahini aliyekwisha kuandika alama.

Shangazi ameshuka, mkate wa mofa mkononi, hajafunga vizuri leso.
"Matondoni," asema, "kwa Binti Shekuwe,
kuna aliyezaa juzi usiku.
Lakini yule huuma."

Naandika: *Sampuli ya tatu haikupatikana.*
Chini yake: *Matondoni.*
Profesa atauliza mbona nimebadili mnyama,
na atakuwa na haki ya kuuliza.
Naanza kulitunga jibu
nikikunja mikono ya buibui,
na kihongwe amelisahau boksi lake,
anakinusa kichupa kitupu.